Kifua Kinapobana Kisiwani: Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kutibu Ugonjwa wa Ghafla wa Mishipa ya Moyo

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Lamu, pamoja na wenzetu wa Malindi ambao huwapokea wagonjwa wetu njiani, ingawa sehemu zake za mwanzo zitamfaa yeyote mwenye mzazi mzee nyumbani. Vitabu vingi vya tiba ya moyo vimeandikiwa miji ambamo gari la wagonjwa humfikisha mtu kwenye maabara ya katheta, ambamo mshipa wa moyo uliozibwa hufunguliwa kwa mrija mwembamba, kabla dakika 120 hazijatimia. Sisi tunaanzia kwenye kichochoro kisichopitika gari, tunashuka gatini, tunavuka maji hadi Mokowe upande wa bara au kiwanja cha ndege cha Manda, ndipo safari yenyewe ianze. Kwa hiyo swali la tabibu wa kisiwani si ampeleke wapi mgonjwa tu, bali ni afanye nini hapa hapa kabla mgonjwa hajaondoka, na jibu la swali hilo ni pana kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kinachotokea ndani ya moyo

Moyo haujinyweshi kwa damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Hulishwa na mishipa ya koronari inayoanzia kwenye mzizi wa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni: wa kulia, na wa kushoto ambao hugawanyika mapema ukatoa tawi linaloshuka mbele na tawi linalozunguka nyuma. Mafuta hujikusanya ndani ya ukuta wa mishipa hii kwa miaka mingi, yakiwa yamefunikwa na utando mwembamba. Utando huo ukipasuka, damu hulichukulia tukio hilo kama jeraha jingine lolote, ikaganda papo hapo.

Donge likiuziba mshipa kabisa, misuli inayoutegemea huanza kufa katika muda wa nusu saa hivi, na kifo hicho huenea kutoka tabaka la ndani kwenda la nje kwa saa kadhaa. Hilo ndilo shambulio la moyo lenye kupanda kwa kipande cha ST, ambacho ni sehemu ya mchoro wa kipimo cha umeme wa moyo. Donge likiziba kwa sehemu, misuli hufa kidogo kidogo bila ST kupanda. Na kama misuli haijafa lakini maumivu huja hata mtu akiwa amepumzika, hali hiyo huitwa anjina isiyotulia. Nitayaita mawili ya kwanza shambulio la kuziba kabisa na shambulio la kuziba nusu. Majina haya yana kasoro, kwa kuwa wapo wagonjwa ambao mshipa umeziba kabisa na ST haikupanda, lakini yanatosha kumwongoza mtu wa zamu saa nane za usiku.

Hatua ya kwanza: kuushuku moyo kabla ya riahi

Maumivu ya moyo kwa kawaida hayachomi kama sindano. Mgonjwa husema kifua kimebanwa, kimekazwa, au kimewekewa gunia; wengi hawaonyeshi mahali kwa kidole bali hufumba ngumi na kuiweka katikati ya kifua. Hudumu zaidi ya dakika 15 au 20, huweza kupanda shingoni na kwenye taya, kushuka mkono wa kushoto au yote miwili, au kutokea mgongoni, na huandamana na kijasho chembamba, kichefuchefu, kukatika kwa pumzi, na hofu ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuieleza. Maumivu yanayozidi kwa kubonyezwa, kwa kuvuta pumzi au kwa kugeuka ubavu hayaelekei sana moyoni, lakini hayauondoi moyo katika hesabu.

Wanawake, wazee na wenye kisukari huja mara nyingi kwa sura nyingine. Mama wa miaka 60 mwenye sukari, aliyeishiwa nguvu ghafla akiwa jikoni, akatapika mara mbili na kutokwa na jasho la baridi, ana haki ya kupimwa moyo hata kama neno kifua halijatoka kinywani mwake.

Huku kwetu karibu kila linalobana kati ya kitovu na koo huitwa riahi, na dawa zake zinajulikana: tangawizi, habasoda, kukandwa mgongo kwa mafuta ya moto. Sina ugomvi na tangawizi. Ugomvi wangu ni na zile saa tatu zinazopita ikichemshwa, ikinywewa na ikisubiriwa. Wala si wazee wa nyumbani tu wanaokosea. Miaka iliyopita, katika zahanati moja niliyokuwa nikifanyia kazi, alikuja nahodha wa makamo alfajiri akaniambia, “Daktari, hii ni riahi tu, nipa dawa ya tumbo niondoke, maji yajaa.” Nilimpa dawa ya kiungulia. Shati lake lilikuwa limeloa mgongoni na kwapani, nami nikadhani ni maji ya bahari, kwa kuwa alitoka chomboni. Lilikuwa ni jasho. Alirudishwa baada ya saa tano akiwa amebebwa, na ingawa aliishi, moyo wake haukurudi kuwa na nguvu ya kuvuta kamba ya tanga. Tangu siku hiyo, mgonjwa wa kifua huwa namgusa paji la uso kabla sijamuuliza neno.

Mambo ya kuuliza kwa haraka ni sigara, presha, sukari, mafuta katika damu, ugonjwa wa figo, na ndugu wa damu aliyepata shambulio la moyo akiwa bado kijana. Uliza pia kuhusu miraa na mogoka, na uulize bila kukunja uso ili ujibiwe ukweli. Kathinoni iliyomo katika majani hayo huongeza mapigo na presha, na huweza kuibana mishipa ya moyo. Kijana wa miaka 35 aliyetafuna usiku kucha na kuamka na kifua kinachobana asirudishwe nyumbani kwa sababu ya umri wake.

Kwa walio nyumbani

Mgonjwa aketi au alale nusu, asitembee. Hili ni gumu katika mji wa Amu, yaani Lamu mjini, ambako mtu huona aibu kubebwa kupita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, watu wakimtazama, lakini kila ngazi anayopanda huuongezea kazi moyo usiopata damu. Abebwe kwa machela, kwa kiti, au kwa kitanda chepesi. Apewe aspirini miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima. Palipo na vidonge vya miligramu 75 peke yake, vinne vinatosha. Asipewe iwapo aspirini humdhuru au anatapika damu. Wakati mmoja wa jamaa anatafuta machela, mwingine apige simu hospitalini na kwa mwenye boti, kwa maana boti inayotafutwa baada ya mgonjwa kufika gatini imekwisha kuchelewa.

Katika Ramadhani nimewaona wazee wakifumba mdomo mbele ya kidonge, jua likiwa bado juu. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kuilipa siku hiyo baadaye, na ruhusa hiyo imo katika Kurani yenyewe. Ni vyema jamaa wakalijua hilo kabla ya siku ya dharura, kwa kuwa neno la mtoto wake litasikizwa kuliko langu.

Jambo moja lisifanywe kabisa, nyumbani wala kwenye duka la dawa: sindano ya diklofenaki. Dawa za jamii hiyo huongeza hatari ya moyo, na sindano yoyote ya msuli huacha kidonda ambacho kitavuja damu pindi dawa ya kuyeyusha donge itakapotolewa.

Hatua ya pili: dakika 10 za mwanzo kituoni

Lengo linalokubalika duniani ni kwamba kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini kila mtu hukiita ECG, kichukuliwe na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa akutane na mhudumu wa afya. Faili, risiti na kadi ya bima vingoje. Mtu mmoja afunge elektrodi (vibandiko vya kipimo hicho), mwingine apime presha katika mikono yote miwili, mapigo, sukari na kiwango cha oksijeni, kisha aweke kanula, mrija mdogo wa mshipani, mkononi. Mashine ya kushtua moyo isogezwe kando ya kitanda ikiwa imewashwa, kwa kuwa wengi wanaokufa katika saa ya kwanza huuawa na mtetemo wa vyumba vya chini vya moyo, na mtetemo huo hauna dawa nyingine ila mshtuko. Moyo ukisimama, anza kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mashine ikiandaliwa.

Oksijeni itolewe tu iwapo kiwango chake katika damu kimeshuka chini ya asilimia 90. Zamani tulimfunga kila mgonjwa barakoa ya oksijeni kana kwamba ni adabu ya mapokezi. Uchunguzi umeonyesha kwamba aliye na kiwango kizuri hafaidiki nayo, na mitungi huku kwetu si ya kuchezea.

Hatua ya tatu: kuchukua ECG na kuisoma

Makosa mengi ya usomaji huanzia kwenye ufungaji. Elektrodi ya V1 huwekwa katika nafasi ya nne ya mbavu, upande wa kulia wa mfupa wa kidari, na V2 mkabala wake upande wa kushoto. V4 huwekwa nafasi ya tano chini ya katikati ya mtulinga, V3 kati ya V2 na V4, kisha V5 na V6 hufuata kwa usawa wa V4 kuelekea kwapani. Mgonjwa wa moyo hutoka jasho, na kwa joto la kaskazi vibandiko huteleza kama samaki. Futa kifua kwa kitambaa kikavu, nyoa nywele palipo nazo, ubandike, kisha ubonyeze kwa sekunde kadhaa. Kwa mgonjwa mwanamke, vuta pazia, mwite muuguzi wa kike, mweleze unachotaka kufanya kabla ya kugusa nguo yake, na uweke V4 hadi V6 chini ya titi la kushoto, si juu yake. Nimeona wanawake ambao ECG yao ilicheleweshwa kwa sababu kila mtu alikuwa akimsubiri mwingine amwambie avue buibui. Kusitasita huko ni kwetu sisi wahudumu, mgonjwa hana kosa.

Karatasi ikitoka, hakikisha kwanza kasi ni milimita 25 kwa sekunde na urefu ni milimita 10 kwa milivolti, kisha tafuta kipande cha ST. Kimepanda iwapo kimenyanyuka milimita 1 au zaidi katika mitazamo miwili iliyo jirani, yaani michoro kama V1, II au aVF, ambayo kila mmoja huutazama moyo kutoka upande wake. Katika V2 na V3 kipimo ni kikubwa zaidi: milimita 2 kwa mwanamume wa miaka 40 au zaidi, milimita 2.5 kwa aliye chini ya hapo, na milimita 1.5 kwa mwanamke. Kupanda katika V1 hadi V4 huonyesha ukuta wa mbele, ambao ndio unaotisha zaidi. Katika II, III na aVF ni ukuta wa chini. Katika I, aVL, V5 na V6 ni ukuta wa pembeni. Mara nyingi upande wa pili wa karatasi ST huwa imeshuka kama kivuli cha kioo, na ushahidi huo huupa usomaji nguvu.

Mitego ni mitatu. Ukuta wa chini ukiathirika, hamisha elektrodi ya V4 upande wa kulia wa kifua uchukue kipimo tena, kwa sababu chumba cha chini cha kulia kikiwa kimejeruhiwa, naitrati, dawa za kutanua mishipa kama nitrogliserini, inaweza kumwangusha mgonjwa presha papo hapo. ST ikishuka katika V1 hadi V3 peke yake, funga V7 hadi V9 mgongoni, kwani huenda ni ukuta wa nyuma uliozibwa kabisa nawe unautazama kinyumenyume. Na ECG ya kwanza ikiwa safi ilhali maumivu yanaendelea, irudie kila baada ya dakika 15 hadi 30. Mzibo mpya wa tawi la kushoto la umeme wa moyo, kwa mgonjwa mwenye dalili zinazoendelea, nao uchukuliwe kwa uzito ule ule hadi bingwa aseme vingine.

Piga picha ya karatasi ukiwa umefunika jina, uitume kwa daktari bingwa mliyekubaliana naye tangu mapema. Wakati unangoja jibu, endelea na yale yasiyohitaji jibu.

Hatua ya nne: troponini na vipimo vya damu

Troponini ni protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyojeruhiwa. Kwa vipimo vya kawaida huanza kuonekana saa 3 hadi 6 baada ya maumivu kuanza, na huweza kubaki juu kwa siku 10 au zaidi. Kutokana na hilo yafuata mambo mawili. Kwanza, kipimo cha mara moja kilichochukuliwa saa moja baada ya maumivu, kikasoma hapana, hakina maana yoyote. Rudia baada ya saa 3 hadi 6. Pili, kama ST imepanda, usingoje troponini hata kidogo. Kwenye kituo chenye kipimo kimoja kilichobaki kabatini, kitumie kwa mgonjwa ambaye ECG yake haijasema neno. Kumbuka pia kwamba figo zilizoshindwa, donge la mapafu, uambukizo mkali na mchochota wa misuli ya moyo huipandisha troponini; kinachothibitisha shambulio ni kupanda au kushuka kwa kiwango pamoja na dalili au ECG.

Chukua pia damu ya kupima hemoglobini, kreatinini, potasiamu na sukari.

Hatua ya tano: yanayofanana na moyo lakini siyo

Adui mkubwa hapa ni kuchanika kwa ukuta wa aota, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge humuua mgonjwa huyo. Mshuku iwapo maumivu yalianza kwa kishindo, yakapasua mgongoni katikati ya mabega, na presha ya mkono mmoja inatofautiana na ya mwingine kwa milimita 20 au zaidi. Donge la mapafu huja na pumzi fupi kupita kiasi cha maumivu, mara nyingi kwa mtu aliyelala kitandani muda mrefu au aliyejifungua karibuni. Mchochota wa utando wa moyo hupungua mgonjwa akiinama mbele, na ST hupanda karibu kila mahali. Nimonia, pafu lililopasuka na kidonda cha tumbo kilichotoboka huonekana kwa mkono na kwa kusikiliza, mradi tabibu avue stetoskopu shingoni aitumie.

Hatua ya sita: matibabu

Aspirini ndiyo ya kwanza kama haijatolewa. Utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki tano kwa karibu asilimia 23, streptokinesi, dawa ya kuyeyusha donge, peke yake kwa karibu asilimia 25, na zote mbili pamoja kwa takriban asilimia 42. Nayarudia mahesabu haya kila nipatapo nafasi, kwa sababu dawa hizo mbili hazihitaji maabara ya katheta wala bingwa aliyetoka Nairobi. Zinahitaji mtu aliyetambua mapema.

Kwa shambulio la kuziba kabisa, tiba bora ni kuzibuliwa mshipa kwa katheta na kuwekewa stenti, kibomba kidogo cha kuushikilia wazi, iwapo inaweza kufanyika ndani ya dakika 120 tangu utambuzi. Kutoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hilo haliwezekani. Kutoka Amu yenyewe ni nadra. Kutoka Malindi, kilomita kama 120 hadi Mombasa, ni la kuuliza kwa simu kabla ya kuamua, na jibu likichelewa liwe hapana. Hivyo kwa walio wengi wetu uamuzi ni dawa ya kuyeyusha donge, maadamu hazijapita saa 12 tangu maumivu yaanze na hakuna kizuizi. Faida yake ni kubwa sana katika saa 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua. Lengo ni kuianza ndani ya dakika 10, na isizidi 30, tangu ECG iliposomwa.

Vizuizi visomwe kwa sauti, na mwenzako akusikie: kuvuja damu ndani ya fuvu wakati wowote wa maisha, kiharusi cha kuziba katika miezi 6 iliyopita, uvimbe wa ubongo, jeraha kubwa au upasuaji mkubwa au pigo la kichwa katika mwezi uliopita, kutokwa na damu tumboni katika mwezi uliopita, ugonjwa wa damu kutoganda, na shaka ya kuchanika kwa aota. Presha iliyozidi 180 kwa 110, matumizi ya warfarini na mfano wake, ujauzito, na kukandamizwa kifua kwa muda mrefu ni vizuizi vya kupimwa kwenye mizani pamoja na bingwa. Presha aghalabu huteremshwa kwanza. Mweleze mgonjwa na jamaa yake kwa maneno mepesi kwamba dawa hii huokoa, na kwamba karibu mtu 1 katika kila 100 huvuja damu kichwani kwa sababu yake. Watu wa Lamu husikia ukweli vizuri ukiambiwa kwa upole. Wanachokichukia ni kufichwa.

Tenekteplesi, mojawapo ya dawa za kuyeyusha donge, hutolewa mara moja kwenye mshipa kwa uzito: miligramu 30 chini ya kilo 60, 35 kwa kilo 60 hadi 69, 40 kwa 70 hadi 79, 45 kwa 80 hadi 89, na 50 kuanzia kilo 90, aliyetimiza miaka 75 apewe nusu. Isipokuwapo, streptokinesi yuniti milioni 1.5 katika dripu ya dakika 30 hadi 60 bado ni dawa yenye heshima yake. Presha huweza kushuka inapoingia, basi punguza mwendo wa dripu na unyanyue miguu. Na aliyewahi kuipata asirudiwe nayo. Pamoja na yeyote kati ya hizo, mpe klopidogreli miligramu 300, au 75 iwapo amevuka miaka 75. Enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, hutangulizwa kwa miligramu 30 kwenye mshipa, kisha miligramu 1 kwa kila kilo chini ya ngozi kila saa 12. Kuanzia miaka 75 ile ya mshipani huachwa na dozi hushushwa hadi miligramu 0.75 kwa kila kilo, na figo zikiwa dhaifu sana hutolewa mara moja kwa siku.

Kwa shambulio la kuziba nusu, dawa ya kuyeyusha donge haitolewi, kwani madhara yake huzidi faida. Mgonjwa hupata aspirini, klopidogreli na enoksaparini au fondaparinuksi, kisha hupangwa kwa hatari yake. Mwenye maumivu yasiyokoma, presha iliyoanguka, mapafu yaliyojaa maji au mapigo hatari huondoka sasa hivi kama vile ST imepanda. Mwenye troponini iliyopanda au ST inayobadilika hutakiwa apigwe picha ya mishipa ya moyo ndani ya takriban saa 24, na kwa ratiba za boti na ndege hiyo ina maana ya kuanza kupanga leo.

Nitrogliserini chini ya ulimi hupunguza maumivu, lakini isitolewe namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, chumba cha kulia kikiwa kimejeruhiwa, au mgonjwa akiwa ametumia sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, katika saa 24 zilizopita. Swali hilo la mwisho liulizwe mkewe na wanawe wakiwa nje. Mofini kidogo kidogo mshipani humfaa mwenye maumivu makali. Atorvastatini, dawa ya kupunguza mafuta katika damu, miligramu 80 ianze siku hiyo hiyo. Dawa ya kutuliza mapigo, kama bisoprololi, ndani ya saa 24 iwapo hana mapafu yaliyojaa, presha ya chini, mapigo ya polepole wala pumu. Na dawa ya presha kama enalaprili baada ya presha kutulia, hasa kwa mwenye kisukari au moyo uliodhoofika.

Hatua ya saba: safari

Safari ipangwe dawa ikiwa bado inaingia. Rudia ECG baada ya dakika 60 hadi 90: ST ikishuka kwa nusu au zaidi na maumivu yakitulia, mshipa umefunguka, na picha ya mishipa hufanywa kati ya saa 2 na 24, isiposhuka, huyo anahitaji katheta kwa haraka iwezekanavyo. Ndiyo maana hatungoji kuona kama dawa imefanya kazi ndipo tuombe usafiri.

Kwa mgonjwa wa Pate, tazama maji kabla ya kutazama saa. Mkanda, mlango wa maji kati ya Manda na bara, haupitiki vyema maji yakiwa makavu, hasa siku za bamvua, na nahodha anayejua njia ya nje ana thamani kuliko boti yenye mashine mbili. Kutoka Manda ndege ya wagonjwa, zikiwemo zile za Amref Flying Doctors zenye makao Uwanja wa Wilson, humfikisha Nairobi. Kwa barabara njia ni Mokowe, Witu, Garsen, Malindi, kisha Mombasa. Ukichagua barabara, mpigie simu mwenzako wa Malindi akae tayari na kitanda, kwani huko ndiko utakakosimama mambo yakiharibika.

Ndani ya boti mgonjwa alale katikati, chini, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na asipewe heshima ya kukalishwa tezi. Muuguzi anayejua kushtua moyo aketi ubavuni mwake na mashine ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Rasharasha ya mawimbi ikilowesha kifua, kikaushwe kabla ya kubandika pedi, na asiwepo anayemgusa mgonjwa wakati wa mshtuko. Barua ya rufaa iwe na saa ya maumivu kuanza, saa ya ECG, saa na dozi ya kila dawa, na nakala za ECG zote.

Mapigo yasiyo ya kawaida hutokea mshipa unapofunguka. Mengi hupita yenyewe. Maumivu makali ya kichwa, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja baada ya dawa yachukuliwe kuwa ni damu kichwani: simamisha enoksaparini na upige simu mara moja.

Hatua ya nane: akirudi nyumbani

Aspirini ni ya maisha, na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, kama klopidogreli, ni ya miezi 12 kwa kawaida. Aliyewekewa stenti akiacha dawa hizi kwa kujisikia vizuri anaweza kuzibwa tena ndani ya siku chache, na sababu ninayoisikia zaidi ni kwamba dawa zilikwisha naye hakutaka kuvuka maji kwa ajili ya vidonge; apewe za miezi mitatu kwa pamoja. Sigara, miraa na mogoka ziachwe. Mahamri, viazi karai na sambusa za kila alasiri zipungue, samaki wa kupaka abaki na tui liwe jepesi. Kabla ya Ramadhani aje kliniki dawa zipangwe upya, na katika miezi ya mwanzo baada ya shambulio ashauriwe asifunge. Kutembea huanza kwa dakika chache kila siku ufuoni jua likiwa limepoa. Kuvuta nyavu na kupandisha tanga kusubiri ruhusa ya daktari.

Vidonge vya nitrogliserini alivyopewa havipendi joto wala unyevu, na Lamu ina vyote viwili. Vikae ndani ya chupa yake ya kioo iliyofungwa vizuri, si katika karatasi, si katika mfuko wa shati, wala si juu ya dirisha linalopigwa na jua, na chupa ibadilishwe kadiri maelezo yake yanavyoagiza hata kama imebaki nusu. Kifua kikibana, aketi kwanza, aweke kidonge kimoja chini ya ulimi, na kisipoachia baada ya dakika 5 jamaa aanze kupiga simu: ya kwanza hospitalini, ya pili kwa mwenye boti.